"Mr. Hiroshi" ni nani? Kuandika jina la Mjapani kwa Kiingereza

Kama kazi yako ni kuwaandikia Wajapani kwa Kiingereza, kabla ya kuhangaika na tahajia, jua kwanza lipi ni jina la mtu na lipi ni la ukoo. Mimi huandika kumbukumbu za vikao kwenye mradi wenye wahandisi wa Kijapani, na vurugu nyingi ninazoziona huanzia hapo.

Kwao ukoo hutangulia. Wakiandika Kiingereza walizoea kugeuza mpangilio, ndiyo maana dunia ilimjua waziri mkuu wao wa zamani kama Shinzo Abe, ukoo ukiwa mwishoni. Ila tangu Januari 2020 nyaraka rasmi za serikali ya Japani huanza na ukoo, na pale inapobidi kutofautisha, huandikwa kwa herufi kubwa: ABE Shinzo. Matokeo yake, kadi ya mtu inasema hivi na barua pepe yake inasema vile. Tafuta herufi kubwa, usipoziona, muulize. Sijaona Mjapani aliyenuna kwa swali hilo.

Sisi tuna mtego wetu. Huku kwetu mtu ni Bwana Juma au Mwalimu Asha, na hakuna anayeshangaa. Basi tukihamia kwenye Kiingereza tunaandika "Mr. Hiroshi", wakati Kiingereza hutaka ukoo baada ya Mr. Na kwa Mjapani, Hiroshi ni jina la nyumbani na la marafiki. Kama ukoo wake ni Tanaka, wenzake ofisini watamwita Tanaka-san (-san ni neno la heshima, kama Bwana au Bibi) hata wakiwa wamefanya naye kazi miaka nenda rudi. Kwa hiyo andika "Mr. Tanaka" au "Tanaka-san", chagua moja, "Mr. Tanaka-san" ni kumvisha makoti mawili. Wewe mwenyewe usijibandike -san kwenye sahihi yako, hiyo ni ya kumpa mwingine. Akimaliza barua kwa "Ken" tu, amekuruhusu: "Dear Ken" inatosha.

Halafu kuna he na she. Kwetu "ameidhinisha" imeshamaliza kazi, lakini Kiingereza kitakudai jinsia kabla hujafika mwisho wa mstari. Keiko na Yoko kwa kawaida ni wanawake, Akihiko na Kazuhiko ni wanaume japo nao wanaishia na -ko, na Kaoru au Hikaru anaweza kuwa yeyote. Hapo -san inakuokoa kwa sababu haina jinsia: "Mori-san has approved the drawing. Mori-san will send the final copy on Friday." Kurudiarudia kunachosha kidogo, lakini ni afadhali kuliko kumwita mama wa watu "he" mbele ya mkurugenzi.

Tahajia mwachie mwenye jina. Kuna Ono na kuna Ohno. Yuko na Yūko (ū ni u ndefu) ni majina mawili, ingawa kwenye pasipoti yote huwa Yuko (na ofisini kwetu "Yuko yuko wapi?" haijaacha kuchekesha). Jun'ichi akiweka kile kialama ('), kiweke: kinakwambia usome Jun-ichi, si Ju-nichi. Sisi wa ng'ombe na ng'ambo hatuna kisingizio.

Umiliki hausumbui kabisa. Majina ya Kijapani huishia na irabu au n, hivyo ni "Kaoru's report", "Ken's car", basi. Ubishi wa James' na James's haukuhusu.

Ukiandika makala badala ya barua, baada ya kumtaja mtu mara ya kwanza baki na ukoo. Mcheza tenisi Naomi Osaka anakuwa "Osaka", hata kama msomaji atauwazia mji kwanza. Watu wa kale ni tofauti: Tokugawa Ieyasu, aliyekuwa shogun (mtawala wa kijeshi) mwaka 1603, Kiingereza humwita "Ieyasu", kwa kuwa akina Tokugawa waliotawala baada yake ni wengi. Na yupo Ichiro Suzuki wa besiboli, aliyeanza kuichezea timu ya Seattle Mariners ya Marekani mwaka 2001 akiwa na ICHIRO mgongoni. Huyo ukimwandika "Suzuki" peke yake, wasomaji watauliza Suzuki yupi.