Maswali ya Wasomaji: Dishi na Mnara Chini ya Paa Moja

Swali: Shule yetu ina dishi la setilaiti iliyo mbali sana angani lenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, pamoja na modemu ya 4G yenye megabiti 10. Fundi alitufungia ruta ya milango miwili ya WAN (ya kuingizia intaneti) akasema tutapata 30. Mbona faili moja halipiti 20? Tena simu za video leo safi, kesho zinakwama.

Jibu: Fundi wenu alijumlisha visivyojumlishika. Ruta ya aina hiyo hugawa miunganisho, haigawi pakiti (vipande vidogo vya data). Faili likianza kupakuliwa hupewa njia moja na hubaki humo hadi liishe. Zile 30 mtaziona pale watu wengi wanapopakua vitu tofauti kwa wakati mmoja.

Ili njia mbili ziwe moja kwelikweli, lazima iwepo seva upande wa mbali inayozipanga upya pakiti. Hata mkiipata, dishi lenu litawaangusha. Setilaiti hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo ombi kwenda na jibu kurudi hula karibu milisekunde 480 kwa mwendo wa nuru peke yake. Ukiongeza kazi ya mitambo, 600 ni jambo la kawaida. Mnara wa 4G wenye mawimbi mazuri hujibu ndani ya 30 hadi 60. Pakiti za mnara zitatangulia, kisha zikae zikizisubiri za dishi, na kasi ya jumla inaweza kushuka chini ya ile ya njia moja. Kwa setilaiti za chini, zile za kilomita 550 hivi, pengo hilo ni dogo na kuunganisha kuna maana.

Video zenu zinakwama siku zinapoangukia dishi. Msiiachie ruta ichague. Andikeni sheria: simu za sauti na video zipite mnarani; masasisho ya kompyuta, nakala za akiba na filamu zipite dishini. Tovuti za benki zifungieni njia moja, maana anwani ya IP (namba inayowatambulisha mtandaoni) ikibadilika katikati ya kazi mtatolewa nje.

Swali: Mvua ikikata dishi, ruta haihamii 4G mpaka niizime na kuiwasha. Ni mbovu?

Jibu: Si mbovu, inauliza pasipofaa. Ruta nyingi hukagua modemu ya dishi, nayo iko ndani, ina umeme, na inajibu vizuri hata kama angani hakuna kitu. Iagize ipige pingi (itume ujumbe mfupi wa kuuliza kama upo) kwa anwani mbili za mbali, mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kila sekunde 5, na isubiri jibu hadi sekunde 2. Zote mbili zikikosa kujibu mara 3 mfululizo, ihame. Hakikisha pingi hizo zinatokea mlango wa dishi tu. Zikiruhusiwa kupita 4G zitajibiwa daima, na ruta itadhani dishi ni zima.

Kurudi kusiwe haraka. Masafa ya redio yanayotumiwa na madishi, yaitwayo Ku na Ka, hasa Ka, hudhoofishwa na mvua, na mvua ikipungua kidogo ishara hurejea kisha hupotea tena. Subirisha dakika 2 za majibu mfululizo. Simu inayoendelea wakati wa kuhama itakatika hata hivyo, kwa kuwa anwani imebadilika.

Swali: Kwa nini VPN ya ofisi (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) ni nzito dishini kuliko tovuti za kawaida?

Jibu: Modemu ya setilaiti hujibu kwa niaba ya upande wa mbali ili mtumaji asikae akingoja. VPN huficha vichwa vya TCP (maelezo ya mwanzo wa kila pakiti yanayoongoza utumaji na majibu), hivyo hila hiyo haifanyi kazi. Muunganisho wenye dirisha (data inayotumwa kabla ya kungoja jibu) la kilobaiti 64 na safari ya milisekunde 600 hautafika hata megabiti 1 kwa sekunde, dishi liwe na kasi yoyote. Ipeleke VPN mnarani.