Jogoo Bado? Barua kwa Mwanangu

Magu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma saa kumi usiku. Uliandika ukiwa wodini huko Dodoma, dripu mkononi: "Baba, tangu utotoni unaniambia nimtumaini Mungu. Leo niambie, haya maumivu yana maana gani kwake? Usinijibu kwa simu, niandikie." Nimekutii.

Kabla ya kukujibu, lipo jambo nililokuficha tangu ukiwa na miaka minne. Mwaka ule ulikuwa umeongezewa damu mara tatu. Nilikuwa nimechoka, mfuko umekauka, na mjini kukaja mhubiri mmoja na mkutano wake wa injili. Nikamweleza habari zako. Akaniuliza ni nani katika ukoo wetu aliyemwaga damu ya mtu. Akasema sikoseli, huo ugonjwa wako wa damu, ni laana ya ukoo, na kwamba mwenye kumeza vidonge bado hajaamini. Niliporudi nyumbani nilichukua foliki zako za kusaidia damu na vidonge vya kuzuia malaria, nikavificha juu ya kabati mama yako asivione. Wiki tatu. Wiki ya nne homa ikakupanda, macho yakawa ya manjano kama kiini cha yai, ukawa unapumua kwa mabega. Nikakukimbiza Mwanza. Daktari akauliza kama dawa unapewa, nikajibu unapewa. Nilimdanganya nikiwa mzee wa kanisa, Biblia kwapani.

Nisamehe, mwanangu. Ningekuzika kwa upumbavu wangu, kisha ningesimama makaburini kuwaambia watu kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Usiku ule, ulipokuwa unaongezewa damu, nilifungua Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanamuuliza Yesu: ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Sura hiyo nilikuwa nimeifundisha miaka. Sikuwahi kusikia kwamba hao wazazi ni mimi na mama yako. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Nililisoma neno hilo mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Najua kinachofuata pale, kwamba kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake. Wapo wanaolitumia neno hilo kusema Mungu alimpofusha mtu miaka yote ile ili siku moja apate kusifiwa. Mimi natazama alichofanya Yesu baada ya kusema. Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka yule mtu machoni. Kazi ya Mungu ilikuwa kuponya. Kwangu tope lile na haidroksiyurea yako, dawa yako ya sikoseli, ni kazi moja, kwa hiyo usiache kumeza, hata siku ambazo kusali kunakushinda.

Na ugonjwa wenyewe kweli ulitoka kwetu. Mimi na mama yako kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha sikoseli bila kuumwa, na wazazi wa namna hiyo, kila mimba, ni nafasi moja kati ya nne kupata mtoto mgonjwa. Nchini kwetu watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa hivyo kila mwaka. Yule mhubiri angetafuta wauaji katika koo ngapi? Kliniki walinieleza kwamba kinasaba hiki kimeenea huku kwetu kwa sababu ya malaria: mtoto aliyebeba kimoja, malaria kali haimuui kirahisi. Aliyebeba viwili, kama wewe, malaria humwangamiza upesi. Kwetu tulizaliwa wanane, watatu wakafa kwa homa wakiwa wachanga. Huenda mimi nilipona kwa kitu kilekile kinachokuvunja mifupa wewe. Hilo limeninyima usingizi kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia.

Mtu angeweza kutunga hubiri tamu hapo, kwamba wewe unateseka ili sisi tupone. Nakataa. Aliyeteswa kwa ajili ya wengine ni mmoja, naye aliutoa uhai wake kwa hiari. Wewe hukuulizwa. Kwa hiyo siamini kwamba Mungu alikupa sikoseli ili akufundishe uvumilivu, wala ili umwonee huruma yule mwanafunzi wako mwenye ugonjwa huo, unayemkumbusha kunywa maji kila kipindi. Unamhurumia, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini shukrani zangu kwa huruma yako siziwezi kuwa shukrani kwa maumivu yako.

Unauliza maana. Nakupeleka Gethsemane. Yesu anajua kinachokuja, na anaomba kikombe kimwepuke. Kwa hiyo anayemwambia Mungu "niondolee hili" hajakosa imani. Kisha anawaambia rafiki zake: kaeni hapa, mkeshe pamoja nami. Mwana wa Mungu, katika usiku wake mbaya kuliko zote, alitaka watu wa kukesha naye, na hata hao wakalala. Mwanangu, Mungu ninayemwamini anaijua saa kumi usiku kutokea upande wa mgonjwa. Ukilia wodini, humwelezi habari ngeni.

Na tumaini langu ni hili. Alipofufuka aliwaonyesha mikono na ubavu, na alama zilikuwepo. Baba yake angeweza kumfufua bila kovu. Kila Jumapili tukiungama Imani ya Mitume, tukifika kwenye ufufuo wa mwili, naliona goti lako la kushoto, lile linalovimba kwanza. Siwazi roho inayoelea. Nawaza goti hilo limenyooka, unapanda mlima nami nahema nyuma yako, na Mungu hajasahau hata usiku mmoja uliopita juu yake.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikesha? Mama yako alikuwa anazungushia khanga chupa ya maji ya moto, anaiweka kwenye muundi wako, nawe unang'ata pindo la shuka usiwaamshe wadogo zako. Kila mara ulikuwa unauliza, "Baba, jogoo bado?" Ulijua akiwika kunakaribia kukucha. Usiku mmoja nilishindwa kukutazama, nikakwambia amewika. Ukainua kichwa, ukatazama dirishani, ukasema, "Bado giza." Hukunikasirikia. Ila tangu siku ile sijakwambia tena kumekucha kabla hakujakucha, na hata leo sikwambii.

Jumatano napanda basi la alfajiri kutoka Mwanza. Mama yako amekufungia michembe na karanga, na chupa ile ya maji ya moto ameitia kwenye begi pamoja na khanga yake. Waombe wauguzi waniruhusu nikae na kiti karibu na kitanda chako usiku. Sijui kama hapo wodini jogoo husikika. Ukiniuliza, nitatoka nje nisikilize, kisha nirudi nikwambie kweli.

Baba yako