Geuza Majina Kabla Hujaituma

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais, nilikuwa kwa kinyozi, povu likiwa bado kidevuni. Niliruka kitini. Majaji wanne walikuwa wameamua hivyo, nikawaita mashujaa. Hoja za wale wawili waliopinga sikutaka hata kuzisikia.

Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama hiyo hiyo ikaitupa kesi ya upande wangu, majaji wote saba kwa kauli moja. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la familia kwamba haki imezikwa. Mjomba, ambaye huandika mara chache sana, akanijibu: "Mwanangu, watatu kati ya saba hao ni wale wale uliowasifu 2017. Hukumu yenyewe umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ilikuwa imeshaamua.

Nikikumbuka ile wiki ya kuhesabu kura mwaka huo wa 2022 ndipo naona ilivyonifanya. Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, zilikuwa zimewekwa mtandaoni, vituo zaidi ya 46,000, kila mtu ajionee. Nilikesha nazo. Nikifungua fomu ambayo mgombea wangu anaongoza, naijumlisha na kusonga mbele. Nikifungua ambayo ameshindwa, navuta picha kwa vidole viwili, natafuta tarakimu iliyokatwakatwa, sahihi iliyokosekana, muhuri uliofifia. Nilijiona mkaguzi makini. Kumbe umakini wangu wote ulikuwa wa upande mmoja, na hilo ndilo la kuogopa, kwa sababu mtu anayekagua hivyo hajihisi mwongo hata kidogo.

Sasa habari ya siasa ikinichemsha, nageuza majina: wa kwetu naweka wa kwao, wa kwao naweka wa kwetu, halafu naisoma upya. Kama ningeikataa ikiwa hivyo, siitumi. Na moyo ukienda mbio, simu naiacha chumbani ikichaji hadi nimalize kula. Jaribu hili mapema, maana 2027 tutapiga kura tena, na kampeni zikishapamba moto hakuna ajifunzaye.

Hoja za wale majaji wawili wa 2017 nilizisoma hatimaye, jioni mbili mfululizo. Nyingi bado sikubaliani nazo. Ila kuna mahali nilisimama, nikarudi juu, nikasoma tena.