Ute mweupe kwenye kifuniko cha oili: chunguza kabla ya kufungua hedi

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Njombe ikiwa imeshika kasi, nilifungua kifuniko cha kujazia oili nikakuta upande wake wa ndani umepakwa ute mzito wa rangi ya krimu, mithili ya maziwa ya mgando. Fundi niliyempigia simu alisema papo hapo kwamba gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku yake, imeungua na injini ifunguliwe siku hiyo hiyo. Nilimwomba siku tatu, na mpaka leo nashukuru kwamba nilifanya hivyo.

Ute huo ni oili iliyochanganyika na maji, lakini maji yana njia mbili za kuingilia. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, na ingawa sehemu kubwa hutoka kwenye ekzosi kama mvuke, kiasi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini ikipata moto wa kutosha, mvuke huo huondoka. Gari linalokwenda kilomita mbili asubuhi na mbili jioni, kama langu, halifiki hapo, kwa kuwa oili huchelewa kupata joto kuliko maji ya rejeta. Njia ya pili ndiyo ya kuogopwa: maji ya rejeta kupitia gasketi iliyoungua, hedi iliyopasuka au kipoza oili kilichotoboka.

Kwa hiyo niliweka alama ya kalamu kwenye chupa ya maji ya rejeta, nikaikagua kila asubuhi injini ikiwa ya baridi. Maji hayakupungua. Stiki ya kupimia oili ilitoka na oili safi, na kimo chake hakikupanda. Kingepanda, ningejua kuna kitu kinachoingia. Kisha nilipasha moto kijiko cha chuma, nikavaa miwani, nikadondosha tone la oili ya stiki: lilitoa moshi kimya kimya. Tone la ule ute lilichachatika na kuruka pande zote. Jaribio hili huonyesha kuwa maji yapo, lakini halionyeshi yametoka wapi, ndiyo maana ile alama ya kalamu ina uzito zaidi.

Fundi wa pili ndiye aliyegundua kwamba themostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, iliondolewa zamani, jambo linalofanywa sana kwetu kwa kudhani kwamba linazuia injini kuchemka. Kumbe injini ilikuwa haipati moto kamwe. Tulifunga mpya, tukabadilisha oili na filta, nami sasa kila wiki naliendesha hadi Makambako. Kifuniko ni kikavu.

Lakini ukiona maji ya rejeta yanapungua na oili ya kwenye stiki yenyewe imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe injini tena hata kwa dakika moja, kwa sababu mchanganyiko huo haulainishi bearingi za krenki. Gari livutwe hadi gereji.