Kwa dada ambaye mdogo wake anatoka gerezani: wiki mbili za kwanza

Dada, umeeleza kwamba mdogo wako, aliyekuwa akijidunga heroini, anamaliza kifungo mwezi ujao, na kwamba nyumbani mnashukuru kuwa jela imemwachisha. Umeuliza mjiandae vipi kwa upande wa afya. Mimi nilikuwa mtumiaji, nikapitia mahabusu na kifungo, na sasa ni mwelimishaji rika katika maskani, yaani vijiwe vya watumiaji, za Temeke, Dar es Salaam, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona na niliyofundishwa kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini.

Jambo zito kuliko yote ni kiwango cha heroini. Mwili wa anayejidunga kila siku huzoea dawa na kuistahimili, lakini ustahimilivu huo huanza kushuka ndani ya siku chache za kukosa, na baada ya miezi mingi huwa umekwisha, ilhali kichwani mtu bado anakumbuka idadi ya kete, yaani vipakiti vya heroini, alizokuwa akitumia siku aliyokamatwa. Akizirudia zilezile, kiasi ambacho zamani kilimtuliza arosto tu, yale maumivu ya kukosa dawa, kinaweza sasa kumkata pumzi. Uchambuzi wa tafiti za Uingereza, Australia na Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa dawa za kulevya katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ni mara 3 hadi 8 ya ile ya wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili. Takwimu si za kwetu, ila heroini inazima pumzi Tandika kwa namna ileile inavyoizima Glasgow, Uskochi. Hatari huzidi akichanganya na pombe au vidonge vya kutuliza kama valiamu, na huzidi zaidi akijidunga peke yake. Hapo ndipo shukrani zenu zinaponitia wasiwasi, kwa sababu kijana anayeogopa kuwavunja moyo ndugu walioamini kwamba ameacha atajifungia chooni, na atakayegonga mlango atakuwa amechelewa. Mwambieni mapema, bila ukali, kwamba akiteleza asijifiche.

Aliyezidisha hukoroma kwa namna isiyo ya kawaida, mboni za macho husinyaa mno, midomo na kucha hugeuka rangi, na haamki hata ukimsugua kifuani kwa vifundo vya ngumi. Maskani nimeona watu wakimwagia mwenzao maji, wakimnywesha maziwa, hata wakimdunga maji ya chumvi. Hakuna hata kimoja kinachorudisha pumzi, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua na umpulizie mdomoni huku mwingine akitafuta gari. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Hospitali wanaweza kumpa naloksoni, inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90 na heroini inaweza kuwa bado mwilini, kwa hiyo msikubali aondoke kwa kuwa tu ameamka na kulalamika. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri ndugu na wenzake wa mtumiaji wapewe naloksoni na kufundishwa kuitumia, ulizeni kliniki.

Kliniki yenyewe nendeni kabla hajatoka. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na anayeanza hunywa dozi yake kila siku dirishani mbele ya muuguzi, kwa hiyo nauli ya kila asubuhi ihesabiwe kwenye bajeti ya nyumbani. Kama alikuwa kwenye methadoni kabla ya kukamatwa, harudishiwi kiwango cha zamani. Huanzishwa chini na kupandishwa taratibu, na asiombe kuharakishwa. Msisubiri sana tarehe ya karatasini, kwani kuna misamaha ya Rais ya 26 Aprili na 9 Desemba, na nimeona mtu ametajwa asubuhi, jioni yuko kituo cha daladala bila kadi wala vidonge.

Vidonge hivyo vina uzito wake. Magereza yamejaa, na kifua kikuu hupenda msongamano. Ikiwa ameanzishiwa matibabu ya kifua kikuu, rifampisini iliyomo hulifanya ini livunje methadoni upesi, na mgonjwa hupata arosto ingawa amekunywa dozi yake mbele ya muuguzi. Wengi huitwa waongo hapo, wakarudi kwenye sindano. Dozi inapaswa kupandishwa, kisha ishushwe kwa uangalizi rifampisini inapoisha. Efavirenzi, kwa anayetumia ARV za zamani, huleta shida hiyo hiyo.

Kuhusu maambukizi, uchambuzi wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa, miongoni mwa wanaojidunga, waliofungwa karibuni wana hatari ya kupata VVU iliyo juu kwa asilimia 81, na ya homa ya ini C kwa asilimia 62. Sishangai, maana aliyetoka jana hana bomba lake la sindano, anaazima. Apimwe vyote viwili, na majipu ya sindano yasikamuliwe nyumbani.

Ukienda kliniki, beba jina lake kamili, gereza alipo, na orodha ya dawa anazomeza; kama huijui, muulize siku ya kumtembelea na uiandike hapo hapo.