Unapanga mashini ya kutoa umeme kwa mawimbi ya bahari? Hesabu kwanza bitu bitakavyoota apo juu

Bandugu, vijana wa elektrisite hapa Goma wananiandikiaka sana juu ya umeme wa mawimbi, wanawaza Muanda, kule Kongo inapogusa bahari, na kila mara wananionyesha plani nzuri: boya, pompi, jenereta. Miye nawaulizaka kitu kimoja tu: mumehesabu bitu bya bahari (ute, majani, kome) bitakavyoota apo juu?

Natengenezaka boti na pompi pa ziwa Kivu. Huku hakuna kome za bahari, lakini ukitoa krepini (chujio) ya pompi iliyokaa muda ndani ya maji, unakuta imevaa ute wa kijani, kidole kinateleza, vitobo vimezibana mpaka moteri inalia ya kuvuta. Na hiyo ni ute tu! Bahari nayo inaanzaka na ute, kisha majani, kisha kome na vile vidudu vya gamba gumu vinavyojigandisha kwenye chuma, hivyo havitoki na kidole, unakwangua mpaka mkono unakufa ganzi.

Watu wanafikiri shida ni uchafu. Apana, shida ni uzito na unene. Kanuni za Norway, kwa upande wa kusini wa bahari yao, zinaambia injeniere ahesabu milimita 100 za hivyo vitu mpaka mita 40 chini. Sasa twaa tiyo ya sentimita 20: ikivaa sentimita 10 kila upande, inakuwa ya 40, mawimbi yanaisukuma mara mbili na zaidi, na kila mita imebeba zaidi ya kilo 120 ukiipima inje ya maji (ndani ya maji inabaki karibu kilo 28, lakini siku ya kuivuta juu kreni haitakuhurumia). Tena boya limetengenezwa lipande na kushuka sawa na mawimbi ya pale, likinenepa linachelewa, umeme unapunguka na weye uko unatafuta panne kwa jenereta bure.

Ogopa zaidi fimbo za idroliki. Gamba likigandia apo, kila fimbo ikirudi ndani inakwangua joint, ile mpira inayozuia mafuta, mafuta inatoka, maji ya chumvi inaingia.

Rangi ya kuzuia bitu kuota? Ile ya TBT, sumu yenye bati, ilikatazwa dunia nzima toka 2008, ilikuwa inaharibu konokono za bahari. Ya shaba ingaliko. Ya silikoni nzuri kwa meli inayotembea, juu mwendo ndio unaitoa uchafu, sasa mashini yako imefungwa na mnyororo pahali pamoja, itasaidia kidogo tu.

Kama ningechagua, ningefuata santrali ya mawimbi ya Mutriku, Espanya, iliyoko toka 2011: vyumba 16 vya sementi, maji inapanda inasukuma hewa, tirbini ziko juu, kome hazizifikie. Kama lazima boya, piga foto na pima unene mbele ya kukwangua, la sivyo hautajua kinachoota kwa mwaka. Na boti ya kupeleka wasafishaji, weka kwenye devi toka mwanzo, njo bei watu wanasahauka.