Nabatilisha kashe, kihesabu kinarudi nyuma

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Natumia STM32H745, chipu yenye prosesa mbili. Prosesa ndogo, Cortex-M4, inasoma kihisi cha mtetemo wa pampu na kujaza bafa ya sampuli 100 za biti 16 kwenye SRAM4, RAM ambayo prosesa zote mbili zinaifikia. Kubwa, Cortex-M7, inazichambua. Mwanzoni M7 ilikuwa inasoma sampuli za zamani, nikaongeza SCB_InvalidateDCache_by_Addr, ya kubatilisha kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya M7 inayoweka nakala za RAM), kabla ya kusoma. Sampuli zikawa mpya, ila sasa kihesabu cha M7 nilichokitangaza chini ya bafa hiyo mara nyingine kinarudi nyuma. Nimeweka volatile, wapi! Nikizima kashe ya data yote yanakaa sawa, lakini uchambuzi unakuwa mzito mno. Nimekosea wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hilo jaribio la kuzima kashe limekuokolea siku kadhaa za kuhangaika, maana limeonyesha kwamba hesabu zako hazina kosa. Kosa liko kwenye mpangilio wa kumbukumbu.

Kashe ya M7 haijui vigeu vyako. Inajua mistari ya baiti 32 tu. Bafa yako ni baiti 200, yaani mistari 6 kamili na baiti 8 za mstari wa saba. Hapo nachukulia kwamba inaanzia kwenye mpaka wa mstari. Isipoanzia hapo, una tatizo ncha zote mbili. Baiti 24 zilizobaki kwenye mstari wa saba ndimo kihesabu chako kilimopanga chumba.

Mwenye duka anaandika madeni kwanza kwenye kidaftari cha mfukoni, kisha jioni anayahamishia kwenye daftari kubwa. Kubatilisha ni kuchana ukurasa wa kidaftari. Kama ukurasa huo una deni ambalo bado halijahamishwa, limekwenda. M7 iliongeza kihesabu ndani ya kashe, wewe ukauchana mstari, ikabidi isome tena thamani ya zamani kutoka RAM.

Kuna atakayekushauri utumie SCB_CleanInvalidateDCache_by_Addr, yaani usafishe kwanza halafu ubatilishe. Usimsikilize. Kihesabu kitapona, ndiyo, lakini kusafisha kunauandika mstari mzima kwenye RAM, pamoja na nakala chakavu ya sampuli 4 za mwisho, juu ya zile mpya ambazo M4 ameziweka. Nawe utabaki unashangaa kwa nini mkia wa kila fungu una kelele. Isitoshe, hilo linaweza kutokea hata usipoita kitu: kashe ikihitaji nafasi, mstari uliochafuliwa na kihesabu unarudishwa RAM kwa wakati wake, bila kukuuliza.

Kwa hiyo, tenganisha bafa na kihesabu. Itangaze bafa kwa __attribute__((aligned(32))), ili ianzie kwenye mpaka wa mstari, na uipe nafasi ya sampuli 112 ingawa unatumia 100. Hizo ni baiti 224, mistari 7 kamili, na M7 asiandike humo hata baiti moja. Kihesabu kihamishie kwenye RAM ambayo M7 anaitumia peke yake.

Kisha mpangilio wa hatua. M4 akimaliza kujaza, apige __DSB(), amri ya kusubiri maandishi yake yote yafike kwenye kumbukumbu, ndipo atoe ishara kupitia HSEM, semafo ya maunzi ya chipu hiyo. Yeye hana kashe ya data, kwa hiyo hana cha kusafisha. M7 akipata ishara ndipo abatilishe baiti 224, asome. Kubatilisha mapema, kabla M4 hajamaliza, hakutoshi, kwa sababu M7 huweza kuvuta mistari kwa kubahatisha kabla programu haijaiomba, na hapo atakuwa amebeba data nusu mpya nusu ya jana. Bafa ziwe mbili kwa zamu, ili M4 asiandike ile inayosomwa.

Safari ya kurudi, M7 anapompelekea M4 vigezo, ni kinyume chake: andika, SCB_CleanDCache_by_Addr, halafu ishara.

Volatile inaongea na kompaila tu, kashe haiisikii.

Kwa bendera ndogondogo na viashiria vya foleni, mimi sijisumbui na haya yote. Natenga eneo dogo la SRAM4 kwa MPU (kitengo cha M7 kinachopanga tabia ya kila eneo la kumbukumbu), kwa mipangilio TEX=1, C=0, B=0, lisiingie kwenye kashe kabisa. Ukubwa wake lazima uwe kipeo cha 2 (kama baiti 256 au 512) na mwanzo wake ugawanyike kwa ukubwa huo. Sampuli zenyewe ziache kwenye kashe, maana M7 anazipitia mara nyingi anapochambua.

Ukishajenga programu, fungua faili la ramani la linka, linaloonyesha anwani ya kila kigeu. Bafa ikianzia 0x38000000, kigeu chochote anachokiandika M7 kisionekane kabla ya 0x380000E0 (E0 ni 224), au kabla ya 0x380001C0 bafa zote mbili zikifuatana.